Kwa Nini Mahari Bado Huhesabiwa kwa Mbuzi Ilhali Inatumwa kwa Simu?

Kwenye ruracio nyingi siku hizi kuna dakika moja ambayo mgeni asiyejua anaweza kudhani wazee wanataniana. Msemaji wa upande wa mvulana anasimama na kusema wameleta mbuzi ishirini. Ukiangalia uwanjani, humwoni hata mbuzi mmoja aliyefungwa kamba. Kijana mmoja anatoa simu, anabonyeza, anangoja kidogo. Upande wa pili mzee anavaa miwani, anasoma ujumbe, anatikisa kichwa. Mbuzi wamefika. Vigelegele vinaanza.

Sasa sisi ambao kazi yetu ni kuhamisha pesa kutoka simu moja hadi nyingine tunaulizwa sana maswali ya ada, vikomo na PIN. Lakini msimu wa harusi ukikaribia, Agosti na Desemba hasa, swali hili huwa na uzito kuliko hayo: kama kinachotumwa ni shilingi, mbona wazee hawasemi tu shilingi? Jibu lake ni refu kidogo, na ukilielewa utajua pia namna ya kutuma mahari bila kuharibu mambo nyumbani au, Mungu apishe mbali, mahakamani.

Tuanze na jina lenyewe

Wakenya wengi tukizungumza Kiingereza husema "dowry". Kusema ukweli, neno hilo si sawa kwa jambo letu. Katika Ulaya ya zamani, na katika sehemu nyingi za India, "dowry" ni mali inayotoka kwa familia ya bibi harusi kwenda upande wa mume. Hapa kwetu mali inatembea kinyume chake. Wakoloni nao waliita "bride price", yaani bei ya bibi harusi, kana kwamba baba amefungua duka. Mwaka 1931 mwanaanthropolojia Mwingereza, E. E. Evans-Pritchard, aliandika kwamba neno hilo la bei linapotosha, akapendekeza waseme "bridewealth", mali ya ndoa. Wasomi wakalikubali. Sisi mtaani tukabaki na "dowry" yetu.

Kwa Kiswahili tunasema mahari, na hapo pia kuna mtego. Neno hili ni la asili ya Kiarabu na lilikuja na ndoa ya Kiislamu, ambamo mahari ni haki ya mke mwenyewe. Si ya baba yake, si ya mjomba, si ya kamati. Baadaye neno likapanda bara na kuanza kutumika kwa desturi ambazo mali inakwenda kwa familia ya msichana. Kwa hiyo tunatumia neno moja kwa vitu viwili ambavyo mwenyewe si mmoja. Shika tofauti hiyo, kwa sababu ndiyo inayoamua utaandika nambari ya simu ya nani.

Mbuzi alikuwa anafanya kazi gani

Tuchukue Wakikuyu kama mfano, kwa sababu hatua zao zinajulikana sana na kwa sababu Jomo Kenyatta alizieleza kwa kirefu katika kitabu chake cha 1938, Facing Mount Kenya. Jambo huanza kwa kuhanda ithigi, maana yake kupanda matawi. Upande wa mvulana ulikuwa unaonyesha kwa tawi kwamba katika boma hili kuna msichana aliyekwisha kuposwa, wengine wasijisumbue. Pamoja na hilo huenda mwati na harika: kondoo jike mchanga na mbuzi jike mchanga, wote wawili hawajawahi kuzaa. Angalia vizuri wanyama hao waliochaguliwa. Si wakubwa wala wanono. Ni wanyama ambao bado wana uzazi wote mbele yao.

Baada ya hapo ndipo ruracio yenyewe, mazungumzo ya idadi, yanayoweza kuchukua siku moja au miaka. Mwishoni kabisa ni ngurario, siku mnyama anapochinjwa, familia mbili zinakula pamoja, na bwana harusi anakata bega la nyama, kiande, mbele ya watu wote. Wakamba wana mbuzi wa ntheo, ambao wakishakabidhiwa, jamii inajua kuna ndoa. Kwa Wakalenjin kuna koito, familia zinapokaa kuzungumzia ng'ombe. Majina yanatofautiana, wanyama wanatofautiana, ila umbo la jambo linafanana.

Mifugo ilifaa kwa sababu ambazo ukizifikiria kama mtu wa pesa utazipenda. Kwanza huwezi kuwaficha. Mbuzi kumi wakipita njiani, kijiji kizima kimeona, na kila aliyeona ni shahidi. Pili walizaana, kwa hiyo zawadi ya mwaka huu ilikuwa bado inaishi baada ya miaka mitano, na uhusiano wa familia uliishi nayo. Tatu, hawakukaa mahali pamoja. Ng'ombe walioingia kwa ndoa ya dada mara nyingi ndio walioenda kumwolea kaka yake. Ndiyo maana mashangazi na wajomba wote walikuwa na la kusema: kila mtu alikuwa na mguu wa ng'ombe mmoja katika jambo hilo.

Halafu kuna lile ambalo vijana wengi hulalamikia, kwamba mahari haiishi. Unalipa, unaambiwa bado. Wazee hawakusahau kufunga hesabu. Katika jamii nyingi ilikusudiwa isiishe, maana mtu aliyemaliza deni hana sababu ya kurudi. Salio dogo lilikuwa linakuleta kwa wakwe, na ukifika unakula, unasalimia, unaulizwa watoto. Tunakubali kwamba leo kuna wanaolitumia vibaya, wakamgeuza mkwe kuwa mashine ya kutolea pesa. Hilo ni jambo jingine, na vijana wana haki ya kulisema.

Shilingi iliingiaje

Watu husema simu imeharibu mahari, lakini pesa ziliingia uwanjani zamani sana, kabla ya simu. Miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliua ng'ombe wengi mno Afrika Mashariki, na familia zilizokuwa zinahesabu kwa ng'ombe zikabaki na nyua tupu. Muda si muda serikali ya kikoloni ikaleta kodi ya nyumba, kuanzia 1901. Wakati huo pesa za hapa zilikuwa rupia za India. Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuja 1921. Ili kupata rupia ya kodi, kijana alilazimika kwenda kufanya kazi ya mshahara, reli, shamba la mzungu au mjini. Aliporudi alikuwa na sarafu mfukoni, hana mifugo. Mwanzoni alinunua mbuzi kwa pesa hizo ndipo awapeleke. Polepole watu wakauliza, safari ya sokoni ya nini?

Na bei zilipanda kweli. Kule Kisii, miaka ya 1940, idadi ya ng'ombe iliyodaiwa iliongezeka kiasi kwamba wapenzi wengi walitoroka tu, kesi zikajaa mahakama za wenyeji. Mabaraza na serikali walijaribu kuweka kikomo cha ng'ombe. Hakikushika. Kwa hiyo ukisikia mtu akisema mahari imepanda kwa sababu ya vijana wa mitandao, mwambie babu yake alilalamika vile vile.

Hapa ndipo mbuzi aligeuka kuwa kipimo. Wazee waliendelea kuhesabu kwa mbuzi, lakini wakakubaliana mbuzi mmoja leo ni pesa ngapi. Tuseme wamekubaliana Sh5,000. Mbuzi ishirini ni Sh100,000. Kiwango hicho si lazima kiwe cha sokoni. Kinaweza kuwa cha chini ili kumwondolea kijana mzigo bila kumwaibisha msichana kwa idadi ndogo. Idadi inabaki na heshima yake, shilingi inabaki na hali halisi. Ukisema "laki moja" umetaja bei. Ukisema "mbuzi ishirini" umetaja desturi, na nafasi ya kuzungumza bado ipo.

Kila pesa na jina lake

Pwani walilifanya hili kwa ustadi mkubwa zaidi, kwa maoni yetu. Mbali na mahari ya bibi harusi mwenyewe, kuna zawadi ndogo ndogo ambazo zote leo hutolewa kwa pesa, lakini hakuna anayeziita pesa. Kilemba ni cha baba, au mjomba aliyesimama mahali pa baba. Mkaja ni wa mama. Mkaja ni kile kitambaa anachojifunga mwanamke tumboni baada ya kujifungua. Ubeleko pia ni wa mama, nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Fikiria maana yake: unamshukuru mama wa mkeo kwa tumbo lililomzaa na mgongo uliombeba. Bahasha yenye noti haisemi hayo yote. Jina linasema. Kuna pia kifungua mlango, kinachotolewa ili mlango ufunguliwe, na kipa mkono, ambacho bwana harusi humpa mkewe wanapokutana.

Waluo wana ayie, pesa za mama mkwe, na neno lenyewe maana yake ni "nimekubali". Ng'ombe wanaweza kuja baadaye. Lakini mama akishapokea ayie, ameshasema.

Kwa hiyo, ukituuliza asili ya desturi hii ya kutaja mbuzi pasipo mbuzi, jibu letu ni hilo. Jina linaeleza pesa hizi zinasema nini, na zinamwambia nani. Ukiondoa jina, kinachobaki ni malipo tu.

Simu inakumbuka nini, na inasahau nini

M-Pesa ilipoanza Machi 2007, ilikuwa ni huduma ya kutuma pesa nyumbani. Haikuchukua muda pesa hizo za nyumbani zikawa pia za mahari, hasa kwa walio Nairobi, Mombasa, na wale walio Ghuba au Marekani wasioweza kufika uwanjani. Ikaleta kitu ambacho mbuzi hakuwa nacho: kumbukumbu. Ujumbe una jina la mtumaji, jina la mpokeaji, kiasi, tarehe, saa na nambari ya muamala. Ujumbe wenyewe unaweza kufutika, simu inaweza kuibwa, lakini taarifa ya akaunti unaweza kuiomba tena.

Ila soma ujumbe huo polepole. Hakuna mahali panaposema mkaja. Hakuna panaposema mbuzi wa ntheo. Miaka kumi baadaye, Sh40,000 ulizomtumia mama mkwe zinaweza kusomwa kama mkopo, kama mchango wa matibabu, kama chochote kile. Simu imehifadhi kiasi na ikasahau jina.

Unaweza kusema sasa tumezidisha, nani atauliza? Wanaouliza wapo. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa ya kimila sawa na ya kanisani, ya Kiislamu au ya kiserikali. Pale ambapo mila inadai mahari, sheria hiyo inasema kiasi kidogo tu cha ishara kinatosha kuthibitisha ndoa; si lazima uwe umemaliza. Maharusi wanatakiwa kumjulisha Msajili wa Ndoa ndani ya miezi mitatu baada ya sherehe kukamilika, na kuomba usajili ndani ya miezi sita. Wengi hawafanyi hivyo. Wanasema kila mtu aliona. Kisha mume anafariki ghafla, anaacha shamba na akaunti ya benki, na ndugu zake wanasema huyu mama alikuwa rafiki tu. Hapo mahakama inaanza kuuliza maswali ya zamani kabisa: ngurario ilifanyika? Nani alikuwepo? Kilitolewa nini, kikapokewa na nani? Wazee waliokuwepo huenda wamelala makaburini. Huyo mjane angefurahi sana kuwa na karatasi moja.

Kuna na upande wa pili wa shida. Mke akifariki kabla chochote hakijatolewa, wapo wazazi wanaozuia mazishi mpaka mahari ilipwe. Familia iliyo na ushahidi wa kile kilichotolewa, hata kama ni cha ishara, inazungumza kwa sauti tofauti siku hiyo.

Waswahili wana methali ambayo sisi tungeiandika juu ya kila simu: mali bila daftari hupotea bila habari. Familia nyingi zina daftari la ruracio, limeandikwa kwa mkono, lina saini za mashahidi wa pande zote mbili. Usiliache kwa sababu una simu. Viunganishe. Baada ya kila muamala, andika katika daftari nambari yake, tarehe, jina la aliyepokea na jina la kimila la pesa hizo: "kilemba", "mbuzi watano wa ruracio", "ayie". Mashahidi waweke saini hapo hapo, chai ikiendelea. Ukifanya hivyo, kile simu inachosahau daftari linakumbuka, na kile daftari linachoweza kubishiwa simu inathibitisha.

Nambari ya nani?

Tulisema tutarudi hapa. Kama ndoa yenu ni ya Kiislamu, mahari ni ya bibi harusi, basi itume kwenye nambari iliyosajiliwa kwa jina lake yeye. Tunaona mazoea ya kuituma kwa baba au kaka "ili ampe". Huenda atampa, hatubishi. Lakini kumbukumbu itasema baba alipokea, na siku likizuka suala mbele ya kadhi, bibi harusi ndiye atakayehangaika kueleza. Kilemba mtumie baba, mkaja mtumie mama, mahari mtumie mwenyewe. Kama sehemu ya mahari inalipwa baadaye, iandikwe hivyo, na ikilipwa itumwe kwake pia.

Kwa mila za bara, wazee ndio wanaosema nani anapokea. Waulize kabla. Mara nyingi pesa hupitia kwa mshenga au msemaji, na huko ndiko mambo hupotelea. Si lazima kwa wizi, ni kwamba pesa zikichanganyika na za mafuta ya gari na za soda, hakuna anayekumbuka tena. Tuma moja kwa moja kwa mpokeaji wa mwisho kama mila inaruhusu.

Jambo lingine ni dogo lakini limeleta mdomo mkubwa: pesa ya kutoa. Umetuma Sh20,000 kamili kwa bibi wa msichana, naye anaenda kwa wakala, anakatwa ada, anabaki na pungufu. Mbuzi wako mmoja amefika amekatwa sikio. Ongeza ya kutolea. Usimwachie mzee wa miaka themanini kazi ya kuhesabu ada zetu.

Na kwa kuwa tunazungumzia kurudisha, watu hutuuliza kama mahari iliyotumwa kwa simu inaweza kurejeshwa ndoa ikivunjika. Ile huduma ya kurudisha muamala ni ya pesa zilizokwenda nambari isiyo sahihi, basi. Haihusiki na mapenzi yaliyokwisha. Kama mila inaruhusu marejesho, hilo ni la familia na sheria. Majirani zetu Uganda wameshalifikisha mbali: Agosti 2015, katika kesi iliyoletwa na shirika la Mifumi, Mahakama ya Juu huko iliamua kwamba kudai mahari irudishwe kama sharti la kuvunja ndoa ya kimila ni kinyume cha katiba, kwa sababu kunamfunga mwanamke katika ndoa ambayo kwao hawana uwezo wa kumtoa. Sisi tunaona uamuzi huo ulikaribia maana ya zamani kuliko wale wanaodai risiti.

Mwisho ni vikomo. Tangu 2023 muamala mmoja unaweza kufika Sh250,000, na akaunti ya simu kushika hadi Sh500,000. Kikomo hicho ni cha mpokeaji pia. Kama baba mkwe ameuza maziwa na kahawa na akaunti yake imekaribia kujaa, pesa zako hazitaingia, na utakuwa umesimama mbele ya wazee sitini ukisema "ni mtandao". Mwulize mapema kwa heshima, au mgawe katika nambari mbili mlizokubaliana. Hakikisha jina linalotokea ndilo kabla hujaweka PIN, na mtu yeyote akikupigia siku hiyo akidai ni wa kwetu na anataka PIN ili "kuachilia mahari", kata simu.

Jaribu kwa shilingi mia moja jioni iliyotangulia. Mwati na harika bado watahitaji gari.